Sinki Lililopanda Kinole

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii kila mtu anaijua, na kila mtu hupenda kumwambia mwenzake. Wanaojiambia wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi. Maana yake si ngumu. Kitu kilicho chini ya kitanda hakitoki kwa kuitwa wala kwa kupigiwa mbinja. Anayekitaka lazima apinde mgongo, aguse vumbi, tena akubali kuonekana amepinda. Scholastika, ambaye majirani wa Kihonda walimwita Skola, aliisikia tangu utotoni, lakini hakuielewa mpaka siku aliyolala kifudifudi ndani ya gari, miguu ikining'inia mlangoni, ndugu zake wakiitazama.

Skola alikuwa amefanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya mjini Morogoro kwa miaka mingi. Kila siku aliwaona wageni wakipanda milima ya Uluguru asubuhi na kurudi mbiombio kabla ya giza, kwa kuwa huko juu hawakuwa na pa kulala. Akajiuliza: kama mgeni hapati nyumba mlimani, kwa nini nyumba isipande naye? Marehemu mama yao, Bi Cecilia, alikuwa ameacha Hiace lililobeba mananasi na ndizi kutoka kijiji cha Kinole, huko mlimani, hadi sokoni. Skola akalitengenezea kitanda, kabati na mapazia. Akaacha kazi. Ndiyo, aliacha kazi kabisa, na waliomcheka hawakuwa wachache.

Aliyecheka kuliko wote ni mdogo wake, Oscar. Yeye alitaka gari libebe abiria.

"Dada, watu hupanda gari wakakaa. Wewe unataka wapande walale! Umeona wapi?"

"Utaona hapa hapa," Skola alimjibu.

Walibishana mpaka maneno yakawaishia. Kwa Waluguru, mali ya mama haigawanywi wala kugeuzwa matumizi bila mjomba kusikilizwa. Shauri likapelekwa Kinole kwa Mjomba Lukasi, mkulima wa karafuu na mdalasini, mtu wa maneno machache na yote makali. Akawajibu kwa simu: "Lileteni Jumamosi. Nitakula chakula cha jioni humo ndani. Mtu hali kabla ya kunawa, na mimi sitatoka nje kunawa. Nikinawa humo, gari ni la Skola. Nisiponawa, viti vifungwe, Oscar apakie abiria wake."

Haya! Gari lilikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Skola akajifunga kibwebwe. Alinunua sinki dogo na pampu ya mkono, ile ambayo ukibonyeza mpini wake huvuta maji kutoka chini na kuyamwaga. Akakata tundu kwenye kabati kwa msumeno, akalikosea, akafunika kosa kwa ubao, akakata jingine. Akafunga sinki, akaziba kingo zisivuje, akang'arisha mpaka akajiona uso. Chini ya sinki aliweka dumu la kupokea maji machafu. Maji safi yalikuwa na tangi lake, la plastiki, bapa na refu, lililopaswa kulala mvunguni mwa kitanda. Mdomo wake ulikuwa upande wa mbele, karibu na sinki.

Hapo ndipo alipokosea. Mvungu ulikuwa mwembamba na umejaa vumbi la miaka ya mananasi. Skola aliutazama, akatazama kucha zake alizozitunza tangu enzi za mapokezi, akasema moyoni, "Mimi niingie humo? Thubutu!" Akalisukuma tangi kwa mpini wa ufagio. Mpira wa pampu akauingiza mdomoni mwa tangi kwa kuusokomeza na waya. Ulifika wapi huko ndani, hakujua wala hakuchungulia. Alipobonyeza, maji yalitoka fyaa! Akaruka kwa furaha. Uwanja wa Kihonda ni tambarare kama meza, na juu ya meza kila kitu husimama vizuri.

Jumamosi wakaondoka, Oscar akiendesha. Skola alijaza tangi nusu tu ili gari lisielemewe na mlima. Waliiacha barabara ya Matombo, wakaingia ya Kinole, gari likiruka na kuguna kwenye mawe, mpaka wakafika kwa mjomba. Hapakuwa na uwanja wa kuegesha. Palikuwa na mteremko uliokatwa katikati ya migomba. Gari likasimama pua juu, mkia chini, mawe yakawekwa nyuma ya magurudumu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ndiyo nyumba yenyewe hii?"

Mjomba alitoka shamba moja kwa moja, mikono imejaa udongo. Aliingia, akaketi kitandani, akapapasa mapazia. Mkewe, Mama Upendo, akaleta ugali wa moto na kisamvu cha nazi, akaviweka juu ya kabati. Harufu ikajaa gari zima. Kwa desturi, mdogo ndiye humnawisha mkubwa. Basi Skola akashika mpini wa pampu, mjomba akakinga mikono. Akabonyeza. Kwii. Akabonyeza tena. Kwii, kwii. Pampu ilitoa upepo na mlio, haikutoa hata tone.

Oscar aliangua kicheko. "Linaimba, mjomba! Hilo si sinki, ni redio!"

Skola alihisi masikio yakiwaka moto. Alibonyeza mpaka mkono ukauma. Mjomba bado amekinga mikono yake mitupu, na ugali unapoa. Mtu asiyewahi kuaibika mbele ya mjomba wake hawezi kujua uchungu huo.

Mama Upendo, aliyempenda Skola kama mwanawe, akamvuta nje. "Mwanangu, nina ndoo mbili za maji jikoni. Jaza tangi. Likijaa, yatatoka tu, mzee atanawa, na maneno yataisha."

Kweli, yangetoka. Skola alikuwa ameshaelewa kilichotokea. Gari limeinua pua, maji yote yamekimbilia nyuma ya tangi, na mpira umebaki mbele ukinyonya hewa. Ndoo mbili zingemwokoa jioni ile. Lakini Uluguru nzima imeinama! Mgeni angetumia maji mpaka nusu, halafu? Angesikia kwii kama mjomba.

"Ahsante, mama. Ila nikimdanganya mjomba leo, kesho si nitawadanganya na wageni?"

Akarudi ndani, akavua bangili. "Mjomba, naomba unisubiri."

"Njaa haisubiri," mjomba alisema, lakini alihama kitandani, akasimama pembeni.

Skola akachukua nati kubwa kwenye sanduku la vifaa, pamoja na kipande kirefu cha mpira laini kilichobaki. Akalala kifudifudi, akaingia mvunguni. Vumbi lilimjaa puani na machoni, msumari ukamkwaruza bega. Kucha ya kwanza ilivunjika kwenye mdomo wa tangi, ya pili ikafuata, na baada ya hapo hakuzijali tena. Aliung'oa mpira wa zamani, akaunga ule laini, mrefu wa kufika mwisho wa tangi, na kwenye ncha yake akafunga nati, ili popote maji yatakapokimbilia, uzito uuvute mpira uyafuate. Mara ya kwanza kiungo kilichomoka. Akatukana, kisha akaomba radhi, maana mjomba alikuwa anasikia. Mara ya pili kikashika.

"Dada, toka, tumekuelewa," Oscar alisema, na safari hii hakucheka.

"Sitoki mpaka kikaze!"

Alipotoka, alikuwa mweusi kwa vumbi kuanzia nywele hadi viwiko. Akashika mpini. Kwii. Kwii. Kisha pampu ikakohoa, na maji yakamwagika juu ya mikono ya mjomba.

Mama Upendo alipiga kigelegele. Mjomba hakutabasamu. Alikung'uta mikono, akasema, "Oscar, geuza gari. Pua iwe chini."

Oscar alihangaika na usukani kati ya migomba mpaka gari likaangalia bondeni. Ndani ya tangi nati ilisikika ikijiburuta, ko-ko-ko, ikielekea mbele. Skola alinyoosha mkono kwenye mpini, roho mkononi. Mjomba akamzuia.

"Acha. Leo nabonyeza mimi. Wewe lete mikono."

"Mjomba! Mimi ndiye mdogo."

"Nimesema lete mikono."

Mzee akabonyeza, na maji yakaja. Akamnawisha mpwa wake taratibu, udongo na damu ya kucha vikishuka kwenye sinki, na Skola akalia bila kujificha. Oscar akafungua mlango wa mbele, akatoa karatasi ya vipimo vya viti aliyokuwa ameiandaa, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Kuleni," mjomba alisema, akimega tonge la kwanza na kumpa Skola. "Gari ni la huyu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu ameinama mbele yetu sote."