Jina la Subilaga

"Wazee si jina la mtu." Methali hii ilianza hivi, na niseme mapema ili msinichekee njiani: mpumbavu wa siku hiyo nilikuwa mimi.

Wewe Atupele, mjukuu wangu, umenuna kwa sababu mwalimu wako amekurudishia karatasi ya utafiti na maneno hayo ameyaandika pembeni kwa wino mwekundu. Wenzako nao wanauliza yametoka wapi. Yalitoka kinywani mwa mfinyanzi mmoja, na yalinilenga mimi. Kaeni basi. Chai ipo, na aibu yangu imeshapoa, inanyweka.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika utafiti, na ukikataliwa hupati cheti. Nikachagua vyungu vya Wakisi, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa kuwa nilidhani udongo haubishani na mtu.

Nilifikia kwa Bibi Tusajigwe. Wiki mbili nilikaa uani kwake na daftari langu, nikila samaki wake. Alinionyesha udongo wa mlimani na ule wa mtoni, vikapu viwili vya ule wa kwanza kwa kimoja cha wa pili. Alinifundisha kuuonja: ukikwaruza meno, bado. Alinitia kitonge mdomoni, akaniambia nitafune taratibu kama mtoto wa watu. Nikatafuna. Na chini ya kila chungu, kabla hakijakauka, alibonyeza ukucha mara tatu, kisha kando yake kidole gumba mara moja. Nikaandika kwenye daftari: mapambo.

Hakuniomba kitu mpaka asubuhi ya kuondoka.

"Mjukuu wangu, haya yote si yangu, ni ya mama. Anaitwa Subilaga. Alimfuata baba kwenye migodi ya ng'ambo nikiwa na miaka kumi na miwili. Aliniambia, nikirudi nataka nikute vyungu vyako. Baadaye tukasikia tu kwamba amefariki. Kaburi lake hakuna anayelijua."

"Pole, Bibi."

"Mwandike humo. Chungu hakifiki huko, kitavunjika njiani. Karatasi haivunjiki."

Nikaahidi. Ahadi ya kijana aliyeshiba samaki haina uzito.

Niliporudi chuoni, kalamu ikagoma. Wenzangu walikuwa wanajaza majina ya wataalamu wenye vitabu vinene. Mimi nimtaje mama mmoja wa kijijini ambaye hakuwahi kushika kitabu? Nikaona nitachekwa. Basi nikaandika "wazee walisema" mara kumi na moja. Na pale kwenye kuchanganya udongo, penye utamu wenyewe, nikaweka kitabu cha mtaalamu wa ng'ambo, ukurasa wa mia tatu na arobaini. Kitabu chenyewe sikuwahi kukigusa. Jina lake nililiokota mwishoni mwa kitabu kingine, na ukurasa niliutunga ili pasionekane patupu.

Msimamizi wangu, Mwalimu Kaduma, mtu asiyepandisha sauti, alinichukua hadi maktaba, akakitoa kitabu kile rafuni na kukifungua mwisho kabisa. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.

"Ambakisye, hizi kurasa nyingine umezihifadhi wewe?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Na hawa wazee wako, nikiwa na swali, nibishe hodi nyumba ya nani? Una wiki moja. Ukirudi bila majina, mwaka huu utaurudia."

Nikapanda lori la mchele, nikamalizia kwa miguu. Nilidhani nitamsomea Bibi harakaharaka, anipe majina matatu manne ya majirani, niondoke zangu.

Bibi aliponiona na karatasi kwapani alifurahi hata akasahau kunikaribisha. Alinawa udongo mikononi, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kipya juu ya kile cha kazi. Akaketi vizuri, magoti pamoja, kama mtu anayengoja mgeni aingie.

"Nisomee," akasema. "Yote."

Nikasoma. Kila nilipogeuza ukurasa aliinua uso kidogo, kisha akauteremsha tena. Nikasoma wazee walisema, wazee walisema. Nikalisoma na jina la yule mtaalamu, hadi nukta ya mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Mama hajapita."

Mkienda maktaba ya chuo mtaikuta karatasi niliyoiandika upya. Jina la kwanza kwenye orodha ya vyanzo ni Subilaga, mfinyanzi, kama alivyosimuliwa na binti yake Tusajigwe. Hiyo nayo nilimpelekea Bibi, nikamsomea, na akashukuru. Lakini ule uso aliokaa nao kabla sijafungua ukurasa wa kwanza, ule wa mtu anayesikia hatua mlangoni, sikuuona tena. Hadi leo natamani ningeuona tena, hata mara moja.

Siku ile, badala ya kuomba radhi, nilibisha. Ndiyo elimu yangu yote niliyokuwa nayo.

"Yumo, Bibi. Nimeandika wazee. Ndio yeye, ndio wewe, ndio nyote. Hiyo si heshima?"

Bibi akainama penye kazi yake. Akakiinua chungu kibichi, akakigeuza, akanisogezea kitako chake mbele ya macho.

"Hizi kucha tatu umeziitaje humo?"

"Mapambo."

"Hii ni alama ya mama. Ya gumba ni yangu. Hapa kwetu hakuna anayeweka alama yake kabla ya alama ya aliyemfundisha. Siku kumi na nne umekaa unatazama, hukuuliza?"

"Lakini Bibi, wazee ni neno kubwa."

"Ni kubwa, ndiyo maana mama amepotelea humo. Miaka hamsini namwita ndotoni arudi aone vyungu vyangu. Sijawahi hata siku moja kuita, Wazee, rudini. Wazee si jina la mtu."