Jirani wa Kubuni

Kengele ya baiskeli ililia mara moja usiku, nje ya nyumba isiyokuwa na baiskeli.

Mtu mmoja alikuwa na ndimi mbili na nusu. Alikuwa muuguzi, jina lake Ikupa, na ndiye aliyelala ndani ya nyumba hiyo, macho wazi, akingoja kengele ilie tena. Haikulia. Ulimi wake wa kwanza ulikuwa wa mama yake, wa milimani. Wa pili ulikuwa Kiswahili, alichokitumia kazini wodini. Ile nusu ilikuwa Kiingereza, ambacho asubuhi yake alipaswa kukipeleka mjini kikapimwe, kama mtoto anavyopelekwa kliniki akaning'inizwe kwenye mizani. Hospitali moja ya ng'ambo ilikuwa tayari kumpokea. Ilitaka cheti tu, cha kuonyesha kwamba mwenye nacho anaisikia lugha ya huko, anaisoma, anaiandika na kuizungumza. Stadi tatu za kwanza Ikupa aliziweza. Ya nne ilikuwa imeshamwangusha mara moja, na barua ya hospitali ilisema kwamba akianguka tena, nafasi itakwenda kwa mwingine.

Alivyoanguka ni hivi. Mtahini alimpa kadi iliyosema: mweleze mtu aliyekusaidia maishani. Dakika moja ya kufikiri, dakika mbili za kusema. Ikupa aliikaa ile dakika ya kufikiri, kisha akazikaa na zile mbili za kusema, kimya, mikono mapajani, mpaka mtahini akazima kinasa sauti. Si kwamba hakuwa na mtu. Alikuwa naye mmoja tu, na huyo hakuruhusiwa kumtaja.

Alikuwa dada yake mkubwa. Mwaka ule Ikupa alipopata nafasi katika chuo cha uuguzi, fomu ya kujiunga ilifika nyumbani kwao, ng'ambo ya mto, ilhali yeye alikuwa huku kwa shangazi yake, na siku ya mwisho ya kuipeleka ilikuwa kesho yake. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Dada aliitia fomu ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga mfuko kichwani kwa kanga, akaingia majini. Jioni mfuko ulikutwa kule chini umenaswa na matete, ndani mkavu, kila herufi mahali pake. Dada hakuonekana. Hakuonekana wiki ile, wala mwaka ule, wala mwaka wowote. Ikupa aliingia chuoni kwa fomu hiyohiyo.

Na kwao milimani, aliyechukuliwa na maji hawekewi matanga wala kaburi mpaka maji yamrudishe. Na asiye na kaburi hatajwi. Mama yao alilisema jambo hilo mara moja tu, amesimama ukingoni, kanga imelowa hadi kiunoni. "Asiyezikwa haitwi," alisema. "Ukimwita, ataitika." Basi jina likafungwa. Miaka tisa halikutoka kinywani mwa mtu yeyote wa nyumba ile. Walipolazimika kumsema, walisema "yule", wakatazama pembeni.

Ndiyo sababu Ikupa alikwenda kwa Mwalimu Ndelwa, aliyewafundisha watahiniwa katika chumba cha nyuma cha duka la madaftari. Bango la mlangoni lilisema kwamba wanafunzi wake wote hufaulu. Siri yake ilikuwa mtu mmoja, ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mwalimu Ndelwa alimwita Bwana Wilson: mzee wa jirani, kofia ya kijivu, koti lenye vifungo vya shaba, baiskeli yenye kengele.

"Mtu wa kweli ana mambo mengi, atakukwamisha," Mwalimu alisema. "Wa kubuni hafi, hakulizi, wala hana ndugu wa kuja kukanusha. Mtihani ukuulize rafiki, ukuulize jirani, ukuulize mtu unayemheshimu, jibu ni Bwana Wilson."

Wanafunzi saba wakamkariri kwa pamoja, jioni baada ya jioni, kama watoto wanavyoimba jedwali la hesabu. Mwanzoni lilikuwa jambo la kucheka. Mahenge, mfamasia mwenye tumbo na utani mwingi, aligeuka siku moja akasema, "Dada Ikupa, huyu mzee ana kazi! Asubuhi kaamkia kwangu, mchana kashinda kwako. Usiku analala kwa nani?"

"Kwa Mwalimu," akajibu mmoja wa nyuma. "Si ndiye mwanawe?"

Wakacheka wote, na Ikupa akacheka nao.

Lakini Bwana Wilson wa Ikupa hakusimama vizuri. Mwalimu alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Anasikika mtupu. Watahini wananusa utupu, mama. Mvike! Chukua matendo ya mtu wa kweli, yeyote yule, umvike yeye."

Ikupa angeyatoa wapi? Mtu aliyekuwa na matendo alikuwa mmoja. Na ilionekana jambo dogo, tena jambo jema, kwamba yale yasiyoweza kusemwa kwa jina la mwenyewe yasemwe walau kwa jina la mwingine. Siku ya kwanza akampa Bwana Wilson muwa: jinsi dada alivyokuwa akivunja fundo gumu kwa meno yake, kisha akampa mdogo wake ile sehemu laini. Sentensi zikatiririka. Mwalimu akapiga meza kwa furaha. Siku ya pili akampa mgongo uliombeba alipougua surua, toka nyumbani hadi zahanati, kilima baada ya kilima. Siku ya tatu akampa mluzi. Dada alikuwa na pengo la jino, na alipopita mahali penye giza alipiga mluzi mwembamba kupitia pengo hilo, ili mdogo wake asikie na asiogope. Ikupa alimpa Bwana Wilson hata pengo.

Kila alichotoa, hakukikuta tena alipokitoa. Aligundua akiwa wodini, akimkatia mgonjwa kucha. Aliukumbuka muwa, akauona ukivunjwa, akaiona sehemu laini ikija kwake. Na mkono ulioushika muwa ulikuwa wa mzee, umetoka kwenye mkono wa koti, na kifungo cha shaba kiking'aa. Akajaribu kuukumbuka mgongo wa dada. Ukaja mgongo mpana, ukinuka mafuta ya mnyororo wa baiskeli. Akajaribu mluzi. Ikaja kengele.

Mtu mwenye busara angeacha hapo. Lakini mtihani ulikuwa umebaki siku mbili, barua ilikuwa mezani, na Mwalimu Ndelwa alitaka kisa kimoja kikubwa cha kufungia. Jioni ya mwisho Ikupa akampa Bwana Wilson mto. Alisimama mbele ya wenzake akaeleza, kwa Kiingereza kisichoyumba hata kidogo, jinsi mvua ilivyonyesha siku nne, na jinsi jirani yake mwema alivyoifunga fomu ndani ya mfuko wa nailoni, akapanda baiskeli, akavuka. Katika kisa chake Bwana Wilson alivuka. Alifika ng'ambo hii akiwa mkavu, akapiga kengele mara moja mlangoni, akatabasamu. Darasa zima likapiga makofi. Mahenge peke yake hakupiga. Alikuwa amegeukia dirisha, kama mtu aliyesikia anaitwa.

Usiku huo ndio kengele ilipolia.

Kulipopambazuka Ikupa alifungua mlango, akakuta mstari mwembamba wa gurudumu kwenye tope. Ulitoka barabarani ukaja hadi kizingitini. Wa kurudi haukuwepo. Akaketi kitandani, akafumba macho, akautafuta uso wa dada yake, akakuta kofia ya kijivu. Alitafuta tena, polepole, kama mtu anavyopapasa chini ya kitanda. Hapakuwa na kitu. Kilichobaki ni jina tu. Jina lilikuwa zima, kwa kuwa halikuwahi kutoka kinywani, na halikuwa limegawiwa mtu.

Alivaa, akaenda mjini.

Mtihani ulifanyika orofa ya tatu ya jengo moja lenye mazulia mazito. Walikaguliwa vitambulisho, wakapigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole, wakaruhusiwa penseli na chupa ya maji iliyobanduliwa karatasi yake. Katika hedifoni za sehemu ya kusikiliza, watu wasiojulikana walikodi vyumba na kuulizana njia ya maktaba. Ikupa aliandika majibu yao bila taabu. Kisha nyuma ya sauti hizo, mbali sana, kengele ililia mara moja. Akainua kichwa. Watahiniwa wengine walikuwa wameinamisha vyao, wanaandika. Hakujua kama ilikuwa ndani ya kanda au nje yake, naye hakuthubutu kumuuliza mtu.

Mchana walipangwa kwenye viti vya ukumbini, wakingoja kuitwa mmoja mmoja kwenye chumba cha kuzungumzia. Wanafunzi wa Mwalimu Ndelwa walikaa mstari mmoja, midomo ikicheza bila sauti. Ikupa aliweza kuisoma midomo ile. Kofia, koti, baiskeli. Kofia, koti, baiskeli. Mahenge aliitwa kwanza. Alipotoka, alikuwa amekauka kama mtu aliyetolewa damu, akapita karibu na kiti cha Ikupa akanong'ona, "Dada, kadi ni ya mtu aliyekusaidia. Nikamtaja Bwana Wilson. Nilipofika kwenye kofia, mtahini akamalizia koti."

"Anamjua?"

"Kuliko mimi." Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Ameniuliza kwa nini sote tunamleta humo ndani."

Kisha likaitwa jina la Ikupa.

Mtahini alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba, uso wa mtu aliyesikiliza watu wengi siku hiyo bila kumsikia hata mmoja. Chumba kilikuwa na meza, kinasa sauti, na viti vitatu. Hakuna aliyeeleza cha tatu kilikuwa cha nani. Mtahini akamsogezea kadi ileile, karatasi na penseli, akasema dakika moja inaanza. Ikupa hakuandika kitu. Katika dakika hiyo alisikia gurudumu likija ukumbini, juu ya zulia ambalo halikupaswa kutoa sauti, taratibu, bila haraka, kama mtu anayekuja mahali anapojulikana. Likasimama nyuma ya mlango.

"Sasa unaweza kuanza," mtahini akasema.

Ikupa akafumbua kinywa, na sentensi za Bwana Wilson zilikuwa pale zote, zimepangwa safi, zimeoshwa na kukaushwa kama vyombo vya mgeni. Angezisema, pengine angefaulu. Angekwenda ng'ambo, na huko kila atakayemuuliza habari za kwao angemjibu kwa habari za mtu asiyekuwepo, mpaka siku yake ya mwisho. Alilijua hilo kama anavyojua mgonjwa gani hatafika asubuhi. Kitasa cha mlango kikazunguka kidogo, kikatulia, kikimngoja.

"Dada yangu," Ikupa akasema. Kiingereza chake kikavunjika palepale. "Dada yangu alivuka mto. Maji mengi. Mimi nataka shule, yeye analeta karatasi. Karatasi inafika. Yeye hafiki." Akatafuta neno, akalikosa, akaendelea bila hilo neno. Kalamu ya mtahini ilikuwa imesimama. Kwa mara ya kwanza mama yule alivua miwani, akamtazama mtu aliyekaa mbele yake.

Nje ya mlango kengele ikalia mara mbili, kwa hasira.

"Dada yako alikuwa anaitwa nani?" mtahini akauliza.

Swali hilo halikuandikwa kwenye kadi. Ikupa akasikia sauti ya mama yake ukingoni: asiyezikwa haitwi. Chini ya kile kiti cha tatu zulia lilikuwa limeanza kulowa, bila sauti, kuanzia katikati kwenda nje. Akauogopa ule unyevu. Kisha akautazama mlango. Miaka tisa walikuwa wamemwogopa mtu wao asije akaitika, na kwa wiki sita yeye mwenyewe alikuwa amemwita kila jioni mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Na huyo ndiye aliyeitika. Nanyi mnaosikiliza, ambao kila siku mnajiandaa kwa maswali ya wageni, semeni: ni yupi wa kumfungia mlango?

Ikupa akasimama. Akaweka viganja vyake mezani, akavuta pumzi, akaliita lile jina lililofungwa, kama watu wa kwao wanavyomwita mtu aliye ng'ambo ya pili, juu ya kishindo cha maji:

"Subilaga!"