Shimo la Mzee Mbwarali

Mchimba mlangoni pake huvuna tope la mtaa. Mmeisikia leo, mkaulizana, "Tope lavunwaje?" Basi kaeni vizuri. Methali hii ilizaliwa hivi.

Zamani palikuwa na mtaa uitwao Horini. Nyumba zake zilipangana kandokando ya mfereji waliouchimba mababu. Bahari ikijaa, maji huingia hadi kwenye ngazi za milango. Ikipwa, hayo yametoka. Watu walikwenda sokoni na msikitini kwa mtumbwi. Lakini kila maji yalipoingia yalileta tope, na tope lina subira kuliko mwanadamu. Mwaka hata mwaka mfereji ukawa unazibika.

Mzee Mbwarali alikuwa anamwoza binti yake, Mwanamvua, siku ya Ijumaa. Wakwe, watu wa ng'ambo, walikwisha tuma neno: "Tunakuja kwa mashua. Tukikwama topeni, tunageuza na bwana harusi wetu." Maana mwaka uliopita bwana harusi mmoja alishuka akatembea topeni hadi magotini, kanzu nyeusi tii, na mji haukuacha kumcheka.

Mbwarali akashika jembe. Akachimba mbele ya ngazi yake tu, kwa bidii kweli, tope akalibeba kwa makapu mpaka shambani. Shimo likamfika kiunoni. Akalala na furaha yake. Asubuhi, limejaa! Akachimba tena. Likajaa tena.

"Kuna mtu ananitupia tope lake," akamwambia mkewe, Bi Tatu.

"Nani huyo asiye na kazi?"

"Nani kama si Rukia, huyo mjane wa upande wa baharini? Nitamkamata!"

Alhamisi asubuhi, maji yalipoanza kujaa, Mbwarali akakaa ngazini na bakora yake. Majirani wakatoka kutazama.

"Baba Mwanamvua, mwizi bado?"

"Atakuja tu."

"Akija mfunge kamba, asikimbie!"

Kicheko mtaa mzima. Mbwarali hakucheka, macho yake majini. Akayaona maji yakipita mlangoni kwa Bi Rukia mbio, mazito kama uji. Yalipofika kwenye shimo lake, yakapoa. Yakazunguka kidogo, yakautua mzigo wao humo, kisha yakaendelea na safari mepesi. Bakora ikamtoka mkononi.

"La ilaha illa Llah! Kumbe shimo langu ndilo linaloliita tope!"

Akaenda moja kwa moja kwa Bi Rukia. "Dada Rukia, nimekudhania ubaya. Nisamehe kwa ajili ya Mungu. Na kesho nina harusi."

"Wiki nzima nilikuwa mwizi, leo ndiyo nimekuwa dada?" Bi Rukia akamkazia macho, halafu akaangua kicheko. "Haya, yamekwisha. Ita watu. Tukaanzie mdomoni, mfereji unapokutana na bahari. Maji yakipata pa kutokea, yatabeba yenyewe. Yakianza kupwa tu tuwe kule, hayamngoji mtu!"

Loo, siku hiyo Horini ilitoka! Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanaume na majembe, mwenye kasia na kasia lake. Wakaanzia mdomoni, wakaja ndani mlango kwa mlango, wanalikoroga tope na maji yanalichukua.

"Koroga!"

"Liende!"

Hata lile shimo wakalisawazisha.

Ijumaa maji yakajaa. Ngoma zikasikika kwa mbali, Mbwarali midomo inacheza kwa dua. Mashua ikaingia. Ikapita nyumba ya kwanza, ikapita ya pili. Mbele ya nyumba ya Bi Rukia ikapunguza mwendo, na Mbwarali akafumba macho. Kumbe wapiga makasia walikuwa wanaitikia salamu za Bi Rukia tu! Mara, ngo! Omo, pua ya mashua, ikagonga ngazi. Vigelegele vikapasua anga.

Bwana harusi akashuka, kanzu yake nyeupe pepe. "Mkwe, mlango wako una kina! Umeuchimba mwenyewe?"

Mbwarali akamtazama Bi Rukia, aliyekuwa anapiga vigelegele kuliko mama wa bibi harusi.

"Nilipouchimba mwenyewe, mkwe wangu, haukupitika. Mchimba mlangoni pake huvuna tope la mtaa."