Bafu la Bi Mwantumu

Hapo zamani, zamani hizi hizi za mabati na tofali za kuchoma, katika mji mmoja wa mlimani, aliishi dada aitwaye Mwanaheri pamoja na mama yake, Bi Mwantumu, aliyepooza miguu. Bafu lao lilikuwa magunia manne huko mtelemkoni. Masika yakija, Mwanaheri humbeba mama mgongoni kwenye utelezi. Siku moja wakaanguka wote wawili, mama akavunjika mkono. Akasema, "Mwanangu, usinipeleke tena kule. Bora ninuke."

Mwanaheri akaenda halmashauri kuomba kibali cha kujenga bafu nyuma ya nyumba. Karani Mbelwa akamwonea huruma. "Dada, rudi ukajenge. Bafu lisilozidi mita mbili kwenda juu halihitaji kibali."

Akamwita fundi Shemdoe. Fundi akajenga, akafika mita mbili, akaitazama barabara iliyopita juu yao. "Wapita njia watamchungulia mama yetu," akasema. Akaongeza kozi moja, mstari mzima wa tofali, bila kuambiwa, akaezeka.

Kesho yake asubuhi, ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: BOMOA. Mbele yake amesimama afisa wa ujenzi na wanaume wawili wenye nyundo.

"Limezidi kimo," afisa akasema. "Tena liko mita moja kutoka mpakani, na sisi tunataka moja na nusu. Nani alikuruhusu? Aliyetuuliza akakosea, tunampa hadi saa kumi arekebishe. Asiyeuliza, tunavunja sasa hivi."

Mwanaheri akawaza. Akimtaja karani, karani ataharibikiwa. Asipomtaja, mama atarudi kwenye magunia. Ndani mama anaita, "Mwanaheri! Wanataka nini hao?" Nyundo ikainuliwa.

"Ngojeni!" Ni karani Mbelwa, aliyekuja kumbebea afisa daftari. Akalitua chini. "Aliuliza. Aliniuliza mimi. Habari ya mpaka nikasahau kumwambia."

"Kumbe ni wewe! Basi kuanzia kesho utakaa getini, uandike namba za magari. Na wewe dada, una hadi saa kumi."

Siku hiyo fundi Shemdoe alikuwa akisubiriwa kuanza msingi wa jengo la ghorofa. Mwenye kazi akapiga simu: "Usipofika sasa hivi, namweka mwingine."

"Mweke," fundi akajibu, akapanda juu. Akang'oa mabati, akaitoa ile kozi tofali moja moja, taratibu, maana ukuta ulikuwa bado mbichi.

Lakini mpaka je? Ukuta hausogezwi. Saa nane ikapita. Mwanaheri akakaa chini kando ya ua wa minyaa uliokuwa ndio mpaka, akalia.

Upande wa pili akatokea jirani, Mama Kijazi, na panga mkononi. "Nyamaza, mwenzangu. Mimi ndiye niliyewaita hao wa nyundo. Niliogopa maji yenu machafu yataingia kwenye magimbi yangu. Sikumfikiria mama." Akaing'oa minyaa, akaipanda tena nusu mita ndani ya shamba lake mwenyewe. Utomvu wake mkali ukamrukia jichoni. Hakuacha. Alipomaliza, jicho limevimba likafumba kabisa. "Niandikie karatasi kwamba nimeachia kipande hiki, nitie dole gumba," akasema, "wasije wakasema tumewadanganya."

Saa kumi afisa akarudi. Akavuta utepe wa kupimia kwenda juu: mbili kamili. Akavuta pembeni: moja na nusu. Akaisoma karatasi mara mbili.

"Twendeni," akawaambia watu wake.

Jioni ile Bi Mwantumu akaoga maji ya moto, na majirani wakamsikia akiimba.

Ijumaa Mwanaheri akachinja jogoo, akawaalika wote watatu: karani, fundi na Mama Kijazi. Bi Mwantumu akapakua kwa mkono wake mzima. Na firigisi, kama mjuavyo, ni moja tu, hupewa mwenye heshima kuliko wote mkekani.

Fundi akacheka. "Mama, hiyo njia yake naijua, inakuja kwangu. Nimepoteza ghorofa zima kwa ajili yako."

"Ghorofa!" akasema Mama Kijazi, kitambaa jichoni. "Kazi utapata nyingine. Ardhi yangu hairudi, na jicho hili sijui."

Karani akasema polepole, "Kama nisingefungua mdomo, mngepata wapi nafasi ya kutoa chochote?"

"Si wewe uliyesahau mpaka?" akauliza Mama Kijazi.

"Na wewe si ndiye uliyewaita? Na fundi si ndiye aliyezidisha?"

Mwanaheri akamtazama mama yake. Firigisi iko kwenye upawa, na sahani tatu zimesogezwa mbele.

Haya, wenzangu mnaosikiliza, upawa ule ungekuwa mkononi mwenu: je, nani alistahili?