Yai la Kurumbiza

Haya, sogeeni. Mwenye moyo mwepesi akae karibu na mlango.

Walikuwepo wanawake watatu majirani, na kila mmoja alikuwa na mtoto aliyefika umri wa kutumwa dukani bila kutamka hata neno "mama". Milimani kwao waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo hufunguka ulimi akipasuliwa kinywani yai la kurumbiza, yule ndege mwimbaji, likiwa bado na joto la kuatamiwa. Likipoa, halifai kitu.

Mungu hakuwanyima. Mwanaidi alipewa masikio, Kibibi alipewa mluzi, na Sikudhani alipewa miguu ya kupanda hata mti usio na tawi. Wakaingia msituni.

Wengi hufuata wimbo wa dume wakaambulia patupu, kwani dume huimba mbali na kiota ili kuwapoteza wezi. Mwanaidi yeye alisikiliza anaponyamaza. Pale aliponyamaza ndipo ulipokuwa mti wenye shimo.

Jike haondoki kwenye mayai kwa vitisho. Kibibi akapaka ulimbo kwenye kitawi, akapiga mluzi wa dume anayeleta chakula. Jike akatoka akidhani ameitwa na mumewe, akanasa. Kibibi akamnyonga, asije akarudi kuyavunja mayai.

"Pole, mama mwenzangu," akamwambia, wala hakuwa anatania.

Sikudhani akapanda mpaka kucha zikatoka damu. Walitegemea mayai matatu, akakuta moja. Akashuka nalo mdomoni lisipoe.

Walipoona shavu moja tu limevimba, ugomvi ukaanza.

"Bila masikio yangu mngekuwa bado mnazunguka," alisema Mwanaidi.

"Na mimi niliyeua? Dhambi hii niibebe bure?" alisema Kibibi. "Sikudhani, litoe."

Sikudhani alikuwa na lake la kusema, tena zito. Lakini akifungua kinywa, yai linapoa. Akatikisa kichwa tu. Ndipo alipojua mwanawe anavyoishi: neno limejaa kifuani, na wengine wanakuamulia. Uchungu ukamshika.

Dume akarudi na mdudu mdomoni. Akamwita mkewe, akamwita tena. Na Sikudhani, juu ya ulimi wake, akahisi kitu kinagonga kutoka ndani ya ganda.

Kifaranga kikitoka, watoto wote watatu wamekosa. Kazi ya kila mama mmeisikia, na yai ni moja. Je, wewe ungempa nani? Sema upesi, ganda limeanza kupasuka.