Begi la Sekela na Majina Matatu

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Leo sina habari za wafalme wala za majini. Nina habari za begi moja la kijani, watu watatu walioliandaa, na swali ambalo hadi sasa limewashinda wote watatu. Mwenye jibu alifumbate kwanza, asiliseme kabla sijafika mwisho.

Huko milima ya Rungwe, ambako mvua hunyesha mpaka migomba ikainama, aliishi mwanamke mmoja jina lake Sekela. Nyumbani kwake walikaa watu wazima watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa mama mkwe wake, Mama Gwamaka. Huyu kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Ukimwuliza mbuzi wa jirani alizaa lini mwaka ule wa njaa, atakutajia siku, atakwambia mvua ilinyesha saa ngapi na nani alipita njiani amebeba nini.

Wa pili alikuwa wifi yake, Subilaga. Kipaji chake kilikuwa kuuliza. Watu wengine wakiambiwa jambo na mwenye koti jeupe huitikia "ndiyo" na kuondoka. Subilaga huvuta kiti. Padri alishawahi kumkimbia kwa maswali.

Wa tatu alikuwa mumewe, Gwamaka, fundi viatu mwenye kibanda kando ya barabara ya lami. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini alikuwa na jicho. Kitu chochote kinachokaribia kukatika, yeye hukiona mapema. Hutazama soli ya kiatu akakwambia itadumu siku tatu, na siku ya nne mwenye kiatu anarudi akichechemea.

Sekela alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza, Lugano, alizaliwa kwa kisu miaka mitano nyuma, walipokuwa wakiishi mkoa mwingine. Huyu wa sasa alilala kimshazari tumboni na akakataa kugeuka. Daktari akasema, "Hatutasubiri uchungu. Njoo Alhamisi ya wiki ijayo tukufanyie upasuaji. Na uje na begi lako kamili." Muuguzi akampa orodha.

Basi Jumamosi begi likawekwa katikati ya sebule, orodha ikasomwa. Khanga nne, sabuni, pedi, nepi, kofia na soksi za mtoto, shuka la sufi, beseni, chupa ya chai, kadi ya kliniki. Sekela alikaa kwenye kigoda miguu imemvimba, anatazama nguo ndogo zikikunjwa, na moyoni anajiuliza huyo atakayezivaa ana sura gani.

"Atakuwa wa kike," Mama Gwamaka akasema. "Na ataitwa Bupe."

Sekela alijua jina hilo limetoka wapi. Bupe alikuwa kitinda mimba wa mama mkwe wake. Alifariki akijifungua, na aliyempeleka hospitali siku hiyo alikuwa jirani asiyejua lolote juu yake.

"Mama, samahani," Subilaga akadakia. "Mimi sina mtoto, na daktari ameshaniambia sitapata. Jina la Kissa nimelitunza miaka kumi na mmoja. Nizikwe nalo?"

Gwamaka alikuwa mlangoni anasugua tope kwenye buti lake. Sekela akamgeukia. "Na wewe, Baba Lugano?"

Gwamaka akakohoa. "Mimi nimekuwa nikimwita Tumpe. Jioni, wewe ukiwa umelala. Nikiita, anapiga teke."

Sekela hakuwahi kulijua hilo. Alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho. Wale wawili walikwisha kunyanyua sauti, mama na bintiye, na Sekela, ili kuwatuliza, akasema neno ambalo baadaye lilimnyima raha:

"Basi nyamazeni! Atakayetia mkono wake kwenye begi hili ukatufaa kuliko wa wengine, mimi na mtoto wangu, huyo ndiye atakayempa jina. Nimeapa."

Wakatazamana. Kila mmoja akaondoka na lake kichwani.

Mama Gwamaka aliingia chumbani kwake, akafungua sanduku la bati. Alikumbuka kwamba siku Lugano anazaliwa, Sekela alichomwa sindano, uso ukamvimba kama andazi, pumzi zikamkata, madaktari wakakimbia huku na huko. Sekela mwenyewe alikuwa hajitambui, na hata alipoamka alijua tu kwamba alijikuna sana. Kliniki walipomwuliza kama kuna dawa inayomdhuru, alijibu hakuna. Bibi hakulijua jina la dawa, lakini alikumbuka kuwa muuguzi wa kule aliliandika kwa wino mwekundu. Akapekua cheti baada ya cheti mpaka akaiona kadi ile ya zamani, imeliwa na mende pembeni. Akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaitia begini. "Alhamisi nitamwonyesha daktari mwenyewe," akasema.

Subilaga yeye alishuka hospitali Jumamosi hiyo hiyo, akavuta kiti. "Dada, orodha nimeiona. Naomba uniambie kile ambacho hakikuandikwa." Muuguzi akacheka, akasema, "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Ni damu. Wifi yako ana kundi la O hasi, na watu wa kundi hilo ni wachache. Akiipoteza nyingi tutahangaika." Subilaga akatoka hapo akaanza kuuliza watu. Aliuliza kwaya, akauliza wauza maparachichi, akauliza hata mlinzi wa shule. Jumapili jioni akawa amewapata mama mmoja muuza vitumbua na seremala mmoja, wote wa kundi hilo. Jumatatu asubuhi na mapema akawapeleka, wakatoa damu, ikapimwa, ikahifadhiwa kwa jina la Sekela. Akapewa karatasi yenye namba za mifuko ile ya damu. Akapita kibandani kwa kaka yake, akaichomeka begini, kisha akaenda zake nyumbani kulala.

Mtaniuliza, begi lilifikaje kibandani? Hapo ndipo penye habari ya wa tatu.

Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya kijito, na kijito kilivukwa kwa gogo. Gwamaka alilivuka kila siku. Jumapili alipolikanyaga, alisikia limelia chini ya mguu wake, sauti ambayo wengine wote hawakuisikia. Akainama, akalibonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Akarudi nyumbani, akabeba begi begani bila kuaga, akaenda kuliweka chini ya benchi lake la kushonea viatu, hatua tatu kutoka barabarani.

"Gwamaka!" mama yake alimpigia kelele jioni. "Nguo za mtoto zitanuka gundi!"

"Zitanuka, mama," akajibu. "Lakini zitakuwa karibu na gari." Akaongeza kwamba Jumanne angekata gogo jipya.

Jumanne ilikuwa mbali. Jumatatu hiyo, saa nane mchana, Sekela alikuwa amevuka kwenda genge la jirani na kibanda cha mumewe kununua nyanya. Mvua ikashuka, mvua ya kwetu isiyoomba ruhusa. Akajibanza chini ya paa la gengeni, mara akasikia maji ya moto yanamtiririka miguuni, na hayakuwa ya mvua. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka, siku tatu kabla ya miadi.

Wakati huo huo kijito kilijaa, kikalibeba gogo. Mama Gwamaka na Subilaga walikuwa upande wa pili. Waliona kwa mbali Sekela ameshika tumbo, wakasimama ukingoni wakipiga kelele, na maji yakaimeza sauti yao. Simu zao hazikuwa na mtandao. Kwa hiyo hawakuweza kusema walichokijua wala kufika walikotakiwa.

Gwamaka alimpakia mkewe kwenye pikapu ya ndizi iliyokuwa ikipita, akalivuta begi kutoka chini ya benchi, wakaondoka. Jueni, yeye hakujua lolote kuhusu sindano ya miaka mitano nyuma, maana siku ile alikuwa safarini. Kuhusu damu alikuwa amemwona dada yake akichomeka karatasi, lakini hakuuliza ni ya nini.

Walipofika, uchungu ulikwisha kushika na mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia. Muuguzi akasema, "Hakuna muda. Una karatasi zozote za uzazi wa kwanza?"

"Sijui," Gwamaka akajibu. "Tazama mwenyewe." Akalifungua begi akalimwaga lote mezani.

Sekela alichomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo alikuwa macho. Mbele yake kulikuwa na pazia la kijani, na nyuma ya pazia sauti. Akatega sikio. Akamsikia mtu akisema, "Sindano ya kuzuia vijidudu iko tayari." Halafu mlango ukafunguliwa kwa kishindo, muuguzi anahema: "Subiri, daktari! Soma hii, wino mwekundu!" Kisha daktari akasema taratibu, "Iondoe hiyo. Lete ile nyingine." Na mwingine akanong'ona, "Dawa ile ile. Ingemmaliza hapa hapa."

Sekela akajiuliza: wino mwekundu gani?

Kisha akasikia mtoto analia, sauti nyembamba yenye hasira. "Wa kike," wakamwambia. Akacheka. Ila kicheko hakikufika mbali, kwani baridi ilianza kumpanda kutoka miguuni, na sauti nyuma ya pazia zikabadilika. "Kovu la zamani linavuja. Anapoteza damu. Kundi gani?" "O hasi." Mtu akaguna. Halafu sauti ya muuguzi yule yule: "Ipo! Imo maabara kwa jina lake, namba hizi hapa!" Miguu ikakimbia. Kitu cha mwisho Sekela alichokumbuka ni mfuko mwekundu ukitundikwa juu yake, naye akiwaza, nani huyo aliyenitangulia huku?

Alipofumbua macho, Gwamaka alikuwa amekaa pembeni, mtoto kifuani, kofia imemfunika mpaka nyusi. Na kweli, mtoto alinuka gundi.

Siku ya nane, Sekela alirudi nyumbani akipita juu ya gogo jipya, ameshikwa huku na huku. Chai ikapikwa, majirani wakaja wakaondoka. Walipobaki wenyewe, Mama Gwamaka akaweka kikombe chini.

"Mama Lugano, uliapa. Mimi nimezika binti kwa sababu aliyekuwa naye hakujua la kumwambia daktari. Safari hii nilisema kwa kadi. Bila kadi ile ungekufa kabla mtoto hajatolewa, na kesho yake tungezika wawili. Wa kwanza kukuokoa ni mimi. Mtoto ni Bupe."

"Ni kweli, mama," Subilaga akasema. "Lakini ungemponya na sindano, kisha akaishiwa damu pale mezani, kadi yako ingemsaidia nini? Tena wewe ulikumbuka kitu ulichokiona kwa macho yako. Mimi nilikwenda kutafuta kitu ambacho hatukukijua. Niligonga milango siku mbili. Mtoto ni Kissa."

Wote wawili wakamtazama Gwamaka. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Karatasi zenu zilikuwa nzuri," hatimaye akasema. "Kama begi lingebaki humu ndani, zingesomwa na mende."

"Lakini wewe hukutia kitu begini!" mama yake akamaka. "Kiapo kilisema kutia mkono. Wewe ulilihamisha tu. Na wala hukujua umebeba nini."

"Hujui, basi haihesabiwi?" Gwamaka akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua. "Nanyi hamkujua kama gogo litakatika. Kila mtu alijua chake."

Subilaga akafikiri. Mama Gwamaka akafikiri. Hakuna aliyekuwa na hasira tena, jambo lenyewe lilikuwa limewanasa.

Sekela akajaribu njia ya mkato. "Apewe yote matatu."

"Mwenye majina matatu haitiki hata moja," mama mkwe akajibu, na wote wakakubali kwamba hapo amesema kweli.

"Basi niacheni nichague mwenyewe jina la nne."

"Uliapa," wakasema wote kwa pamoja, hata Gwamaka.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki. Muuguzi alimweka mtoto kwenye mizani, akaandika uzito, akaandika tarehe, kisha akafika kwenye mstari wa jina akasimama. Akatazama nyuso nne zilizomzunguka, zote zimefunga midomo. Akasubiri. Mwishowe akaigeuza kadi, akampa Sekela kalamu.

Sekela akaishika. Upande wake wa kulia alisimama mwanamke aliyemkumbukia kifo ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Kushoto kwake alisimama aliyemwombea damu kwa watu wasiomfahamu. Nyuma yake alisimama aliyelisikia gogo likilia. Ukimwondoa mmoja wao, yeyote, pale kwenye mizani pasingekuwa na mtoto, wala pasingekuwa na wa kushika kalamu.

Nimewasimulia wengi habari hii. Wanawake waliozaa husema haki ni ya bibi. Waliotafuta mtoto wakakosa husema ni ya Subilaga, tena husema wakiwa wamesimama. Mafundi husema ni ya Gwamaka, kisha mke wa fundi mmoja akauliza: aliyepasuliwa mara mbili mbona hakuna aliyemtaja?

Sasa ni zamu yenu. Kiapo kimeapwa, mstari uko wazi, na mtoto anatazama huku na huku kama anayesubiri kuitwa. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, wewe ungeandika jina gani? Na wale wawili wengine ungewaambia nini?