Maji Aliyokunywa Namkunda

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni na vikapu vyenu. Mikono ipukuchue mahindi, masikio nipeni mimi. Nikisema "ilikuwepo," ninyi itikieni "nasi hatukuwepo." Haya.

Ilikuwepo.

Vizuri. Ilikuwepo zamani ambayo hata bibi yake bibi yangu hakuiona, aliisikia tu kama mnavyoisikia ninyi leo. Zamani milima ilipokuwa bado inakua, na simba wakiwapisha watu njiani. Juu ya mlima mmoja palikuwa na mji ukiitwa Lwamira, na katikati ya Lwamira palikuwa na chuo. Nyumba ndefu za udongo, paa za nyasi, na uwanja uliofagiliwa hadi unang'aa. Vijana walitoka mbali, wengine walitembea mpaka viatu vya ngozi vikaisha miguuni, waje kusoma dawa, waje kusoma nyota na majira, waje kusoma sheria za ardhi.

Walimu wa Lwamira nao walitoka mbali. Mwalimu akifika, alifundisha kama mgeni. Miaka ikitosha, wenzake walikaa barazani wakaamua: tumpe kigoda, au tusimpe. Aliyepewa kigoda alikuwa mtu wa Lwamira hadi kufa kwake. Aliyenyimwa alifunga mizigo akaenda zake. Ndivyo walivyoishi.

Basi palikuwa na mwalimu mmoja wa dawa, mwanamke, jina lake Nakijwa. Akili yake ilikuwa kali, na ulimi wake pia. Alikuwa na mume, Senzota, mfuga nyuki, na mabinti wawili wadogo. Walimu wakakaa, wakamnyima kigoda. Akaomba wafikirie tena. Wakafikiria, wakamnyima tena.

Asubuhi moja walimu walikaa barazani kwa mambo ya kawaida tu, paa linalovuja, zamu za kuni. Nakijwa alikaa nao. Alisikiliza. Kisha akafungua mfuko wake wa dawa, akatoa upinde mfupi, ule wa kuwindia pimbi, na mishale iliyopakwa sumu. Akapiga. Akapiga tena. Walimu wawili hawakuinuka. Mmoja ni Mzee Kajiru, mwalimu wa sheria, ambaye hakuwa na mke wala mtoto. Wa pili ni Mbonea, mwalimu wa nyota, mume wa Namkunda. Nakijwa walimkamata njiani, anatembea taratibu kama mtu anayerudi kwake kupika.

Naona mdomo unakuwasha, wewe Kazeni. Unataka kuniuliza kwa nini. Mji mzima uliuliza hivyo hivyo, tena kabla damu haijakauka.

Mji ukauliza, mji ukajijibu.

Mji ukasema: ni kigoda, ukimnyima mtu kigoda unamnyima pumzi. Mji ukasema: si kigoda, ni pepo, mbona macho yake hayakupepesa? Wanaume sokoni wakasema: nani aliwaambia mwanamke akifundishwa sana atabaki salama? Wanawake kisimani wakasema: wanaume wale walimchoka kwa sababu aliwashinda, walidhani atanyamaza mpaka lini? Vijana walionyimwa hiki na kile wakatunga wimbo wa kumsifu, wakauimba kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu. Mwenye kumbukumbu alikumbuka kwamba Nakijwa aliwahi kugombana na jirani kwa ajili ya chungu. Asiye na kumbukumbu alitunga. Na kila aliyesema alianza hivi: "Mimi niliona mapema."

Mji ukasema, mji ukasema. Ukalala unasema, ukaamka unasema.

Sasa njooni nami kwenye nyumba ya Namkunda.

Namkunda alikaa juu ya ngozi ya msiba, miguu ameikunja, kichwa amekifunika. Watu waliingia kutoa pole. Wanatoa pole, wanakaa, wanakohoa kidogo, kisha wanaanza. "Unajua, mwenzangu, yule Nakijwa..." Anayetoka anampisha anayeingia, na anayeingia naye ana lake. Baada ya siku chache tu, Namkunda alijua Nakijwa alizaliwa wapi, alipenda mboga gani, alimjibuje mama mkwe wake. Ila jina la Mbonea hakulisikia. Watu walisema "marehemu" na kupita haraka, kama anayepita kwenye nyumba ya mgonjwa.

Na Namkunda, wanangu, alikuwa na lake moyoni. Asubuhi ile Mbonea alisimama mlangoni, akamwambia neno. Namkunda alikuwa anasaga, jiwe linanguruma, hakusikia. Akasema tu, "Eeh." Mbonea akacheka, akaenda. Ndiyo basi. Aliliwaza neno lile hadi kichwa kikamuuma. Labda alisema atachelewa. Labda alisema chumvi imeisha. Ile "kwa nini" ya Nakijwa ilikuwa ya mji mzima. Neno hili lilikuwa lake peke yake, na hakuwa na wa kumuuliza.

Siku moja alimgeukia wifi yake, Nanzia, aliyekuwa akimpikia. "Wifi, mbona hakuna anayenihadithia kaka yako?"

Nanzia akaacha kukoroga. "Wanaogopa kukuliza."

"Nalia hata wasiponihadithia."

Kabla Nanzia hajajibu, akaingia Mzee Kiondo, msemaji wa mji. Mzee Kiondo hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Alikuwa mtu anayependa jambo lifikie mwisho. Akakaa, akaweka fimbo chini.

"Mwanangu," akasema, "mji umeshaona. Mume wa yule mwanamke ndiye aliyemfundisha kulenga. Wameonekana porini, wawili, wanapiga shabaha. Tumekubaliana aondoke Lwamira na watoto wake, na nyumba ichomwe. Lakini desturi unaijua. Mfiwa ndiye mwenye neno, na mzee Kajiru hakuacha mtu. Umebaki wewe. Sema 'waende,' nasi tutafanya yaliyobaki."

Namkunda akauliza, "Nani aliwaona porini?"

"Inasemekana."

"Anasema nani, baba?"

Mzee Kiondo akafikiria. Alikuwa ameambiwa na jirani, na jirani aliambiwa kisimani, na kisimani palisemwa na wengi. "Watu," akasema.

"Hao hao waliosema mume wangu alimkatalia kigoda?"

"Hao."

"Na wengine wakasema Mbonea ndiye aliyemtetea."

"Hilo nalo limesemwa."

"Basi mimi nalala na waume wawili, baba, na hakuna hata mmoja ninayemtambua. Niache nifikirie."

Mzee Kiondo akaondoka. Namkunda akainuka kwenye ngozi ya msiba. Nanzia akashtuka, maana mjane hainuki kabla matanga hayajaondolewa. Akamuuliza aendako. Namkunda akasema anakwenda kwa Senzota, na akatoka hivyo hivyo, kitambaa cha msiba kichwani.

Mlitaka aende kumtukana? Watu wa njiani nao walitaka hivyo. Walitoka milangoni wakasimama, wakamfuata kwa macho.

Senzota alikuwa uani, anakinga maji ya mvua kutoka kwenye paa kwa kibuyu kilichopasuka. Alipomwona, kibuyu kikamponyoka. Akapiga magoti kwenye matope.

"Mke wa mwalimu, sijui," akasema. "Kila anayekuja ananiuliza kwa nini. Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, na sijui. Usiku ule tulikula, akawasuka watoto nywele. Asubuhi akaenda. Kama ningejua ningejilaza mlangoni anipite juu."

"Inuka, baba Nambike. Sikuja kuuliza hilo."

"Umekuja kuuliza nini, basi?"

Namkunda alikuja kumtazama, aone kama anaweza kusema lile neno la kufukuza. Akatazama kibuyu. "Kwa nini mnakinga maji ya paa, na kisima ni hapo tu?"

Senzota akainamisha kichwa. "Watoto wakienda kisimani wanarudishwa."

Wakati huo binti mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya mlango, anachungulia. Ndiye Nambike. Alikuwa na umri wa kung'oka meno, mbele pamebaki pengo tupu. Akamtazama Namkunda, akasema kwa sauti ndogo, "Wewe ndiye mke wa Mwalimu Mbonea?"

"Ndimi."

"Mwalimu Mbonea aliyaona meno yangu."

Baba yake akataka kumnyamazisha. Namkunda akamzuia kwa mkono. "Aliyaona wapi, mama?"

"Njiani. Aliniambia amekutana nayo yanakwenda kwa wajomba zangu, yamebeba mizigo kichwani. Akayauliza, mbona mmemwacha mwenzenu na pengo? Yakasema, mwambie tumekwenda kuwaita wakubwa zetu." Akaweka kidole kwenye pengo. "Akasema nisiwe na wasiwasi, wanakuja, ila wanatembea polepole kwa sababu wamenenepa."

Namkunda akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na machozi nayo yakatoka humo humo. Maana ndivyo alivyokuwa akisema Mbonea, hivyo hivyo, kwa upuuzi ule ule. Watu wote wa Lwamira walipita nyumbani kwake na hakuna aliyemletea Mbonea hata kidogo. Mtoto huyu alimleta mzima, anaongea.

Alilia akiwa amesimama. Nambike akatoka nyuma ya mlango, akamshika kanga.

Alipotulia, Namkunda akafuta uso. "Mtungi wenu uko wapi?"

Senzota akaleta mtungi, na kibuyu kidogo cha mtoto. Namkunda akajitwika mtungi yeye mwenyewe, akamshika Nambike mkono, wakashika njia ya kisimani.

Mnajua wanawake wakiwa kisimani wanavyoongea. Siku ile waliongea mpaka wakamwona, kisha kila mmoja akageukia mtungi wake. Mwanamke mmoja, aliyekuwa karibu na jiwe la kuchotea, akamnong'oneza, "Namkunda, ndugu yangu, labda huzuni imekuziba macho. Huyo ni mtoto wa Nakijwa."

"Namjua ni wa nani. Nisogezee kata."

Mwanamke yule akaangalia wenzake. Wenzake wakaangalia miguu yao. Akasogeza kata.

Namkunda akachota, akajaza, akamtwika Nambike kibuyu kidogo, naye akajitwika mtungi. Wakarudi njia ile ile, polepole, katikati ya watu waliosimama milangoni. Walipofika uani kwa Senzota, watu walikuwa wamejazana kwenye uzio, na Mzee Kiondo mbele yao na fimbo yake.

Desturi ya Lwamira ilikuwa hivi, wanangu: mfiwa akinywa maji nyumbani kwa mtu, hakuna awezaye kumwinulia mtu yule mkono. Imekwisha. Kila mtu pale aliijua.

Namkunda akatua mtungi. Akachota maji kwa kata. Akakaa nayo mkononi muda mrefu, kwa sababu si rahisi, msije mkafikiri ilikuwa rahisi. Akamwambia Senzota, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye uzio, "Nakijwa sijamsamehe. Labda siku moja, labda hapana. Usinidai hilo. Lakini nyumba hii haitachomwa kwa ajili ya mume wangu."

Akanywa. Akanywa tena mpaka kata ikaisha.

Mzee Kiondo akainua fimbo yake, akaitia kwapani, akageuka. Watu wakampisha, kisha wakamfuata mmoja mmoja.

Siku ya kuondoa matanga mji wote ulikuja. Mzee Kiondo akasimama, kama ilivyo kazi ya msemaji, aeleze chanzo cha kifo. Akafungua mdomo, akamtazama Namkunda, akaufunga. Akasema, "Mwenye msiba aseme yeye."

Namkunda akasema, akiwa amekaa pale pale. "Chanzo sikijui. Nakijwa ameulizwa na hakujibu, na huenda asijibu kamwe. Ninyi mmejibu mara nyingi, na mimi majibu yenu nimechoka nayo. Anayemjua Mbonea anihadithie Mbonea. Anayemjua Mzee Kajiru amhadithie, maana hana mke wa kumdai."

Kisha kijana mmoja, mmoja wa wale waliokuwa wakiimba wimbo wa Nakijwa, akainuka, ameona haya. Akasema Mwalimu Mbonea alikuwa anawalaza chali uwanjani wahesabu nyota, halafu anakuwa wa kwanza kukoroma. Watu wakacheka. Mwingine akasema Mzee Kajiru aliwahi kumwachia koti lake siku ya baridi, akakana kwamba ni lake ili asirudishiwe. Mwingine akasema, na mwingine. Jua likawakuta wanasema, likazama wanasema, na Namkunda alikuwa katikati yao, Nambike amelala mapajani mwake.

Msidhani maneno yaliisha Lwamira. Palikuwa na watu waliosema mpaka meno yakawaisha. Nakijwa alipelekwa bonde la mbali, akaishi chini ya ulinzi mpaka akazeeka, na hakusema. Senzota alibaki mpaka mabinti zake wakaolewa, na wapo waliompa salamu na wapo wasiompa. Namkunda naye, lile neno la mlangoni hakulijua mpaka alipokufa. Lakini kila mavuno alikuwa na mtu wa kumletea maji, mwenye meno yake yote.

Kwa hiyo nawaambia, wajukuu zangu. Msiba mkubwa ukiupata mji, mtasikia kila mtu anauliza kwa nini, nanyi mtauliza, ni ubinadamu. Lakini mkishauliza, nyamazeni kidogo, mwende mkaone nani amebaki hana maji. Na mfiwa mkimkuta, mtajieni wake kwa jina. Hatavunjika.

Mimi mzigo nimeutua hapa nilipofikia. Mwenye nguvu ajitwike, autue kwa watoto wake. Haya, oneni vikapu vimejaa na hamkujua. Inukeni mkaoshe mikono.